M1 Garand inatema ganda lakini haichukui risasi inayofuata: gesi, springi au risasi zenyewe?

#1 Mnyalu_Ohio
Wakuu, salaam.
Nina bunduki ya M1 Garand, ile ya risasi za .30-06 inayomeza klipu (kishikio cha chuma) ya risasi nane. Niliipata kupitia CMP, shirika linalouzia raia bunduki za zamani za jeshi, baada ya kuwa raia wa hapa Marekani, maana bila uraia hawakuuzii. Kazi yake ni uwanja wa shabaha tu, haijawahi kwenda kokote kwingine.
Shida ni hii. Napiga ya kwanza, inalia vizuri, bolti (kile chuma kinachofunga chemba) inarudi nyuma, ganda linatoka. Bolti ikija mbele inapita juu ya risasi inayofuata bila kuigusa na kufunga chemba tupu. Nikivuta kwa mkono inachukua, napiga, mchezo uleule. Siku nyingine inakwenda tatu au nne safi ndipo inagoma. Na maganda hayaruki, yananidondokea karibu na goti.
Mtutu na chemba nimesafisha hadi zinang'aa. Fundi wa silaha wa mtaani kwetu ana foleni ndefu na mimi nataka kushiriki mashindano ya Garand pale Camp Perry. Anayeijua bunduki hii naomba msaada.

#2 Msimamizi_Zamu
Uzi ubaki, ila masharti kwanza. Kila anayefuata ushauri wa humu atoe risasi zote, atazame chemba kwa macho na aipapase kwa kidole bolti ikiwa imekamatwa nyuma. Ukipiga ukasikia mlio hafifu kuliko kawaida, acha hapohapo, kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu na kinachofuata kitaupasua. Na atakayeuliza jinsi ya kuifanya imwage risasi zote kwa kubana triga mara moja, namfungia.

#3 Kuruta_wa_Mafinga
Mkuu, hiyo ni gesi, yaani moshi wa baruti unaosukuma pistoni na bolti nyuma, usihangaike. JKT tulikuwa na bunduki za SAR, na SAR ikianza kula risasi nusunusu afande alikuwa anasema neno moja tu: pistoni. Masizi yanaganda, pistoni inakwama, bolti hairudi hadi mwisho. Fungua silinda, mwaga oili ya kutosha, sugua, rudisha. Itaimba.

#4 Fundi_Saa
Nakuunga mkono #3 kwenye masizi, kwenye oili hapana. Silinda ya gesi ya Garand inasafishwa na kuachwa KAVU. Oili ikipigwa na gesi ya moto inaungua na kuwa gamba gumu, utajikuta na masizi mengi kuliko uliyoyatoa.
Pia SAR mnayoijua, yaani SKS ya Simonov, ni mfumo mwingine. Ile pistoni yake ni fupi, inagonga na kurudi, haiendi safari nzima na bolti. Kwenye Garand pistoni ni ncha ya ile fimbo ndefu yenyewe. Fimbo inaanzia chini ya mdomo wa mtutu, inapita chini ya mtutu, inapanda upande wa kulia na kuishia kwenye mkono wa kuvutia. Ikisukumwa na gesi inakwenda yote, na bolti inakwenda nayo. Kwa hiyo chochote kinachoigusa fimbo hiyo njiani kinaiba nguvu.
Mnyalu, una maikromita? Pima ncha ya pistoni. Ikiwa mpya ni inchi 0.526. Ikishuka chini ya 0.525 gesi inapita pembeni yake badala ya kuisukuma.

#5 Baruti_Kavu
Kabla hamjafungua kitu, mbona hakuna aliyeuliza anapiga risasi gani? Garand ilitengenezwa iendane na risasi ya jeshi ya M2, kichwa cha uzito wa greni 150, na baruti iliyozoeleka kwa wanaojijazia risasi zake ni IMR 4895. Tundu la gesi liko karibu kabisa na mdomo wa mtutu, kwa hiyo kinachohesabika ni shinikizo lililobaki kichwa kikifika pale. Baruti ya haraka kupita kiasi au kipimo kidogo, shinikizo linakuwa limekwisha, bolti inarudi nusu. Ukibadilisha ukaweka risasi nzito za kuwindia, greni 180 na baruti ya polepole, shinikizo linafika pale likiwa kubwa mno na fimbo inapinda.
Msiidharau baruti. M16 ilipopelekwa Vietnam ilikwama mikononi mwa askari, na mojawapo ya sababu zilizotajwa na uchunguzi wa Bunge la Marekani mwaka 1967 ni kubadilishwa kwa baruti baada ya bunduki kukamilika kusanifiwa. Walikufa watu.

#6 Mnyalu_Ohio
#5 natumia za kujaziwa upya na jamaa wa klabuni, greni 150, anasema kipimo chake ni cha chini kidogo kuokoa bega. Nimejaribu pia za kiwandani zilizoandikwa kabisa kwenye boksi kuwa ni za Garand. Za kiwandani zinagoma pia ila mara chache.
#4 maikromita nitaazima.

#7 Baruti_Kavu
"Kipimo cha chini kidogo." Tumemaliza, ufungeni uzi.

#8 Fundi_Saa
Hatujamaliza. Za kiwandani nazo zinagoma, umesoma?

#9 Springi_Kumi_na_Tisa
Wote mnakimbilia gesi na hakuna aliyegusa springi. Garand ina springi moja kubwa inayofanya kazi mbili. Inarudisha fimbo na bolti mbele, na hiyohiyo, kupitia mkono ulio mbele ya magazini, ndiyo inayonyanyua risasi kwenye klipu. Bunduki nyingine magazini ina springi yake, hii haina.
Sasa soma tena #1: bolti inapita JUU ya risasi. Springi ikichoka, risasi zinapanda polepole, bolti inawahi kupita kabla risasi haijafika pale inapotakiwa kuchukuliwa. Toa springi, ilaze mezani, pima. Ikiwa chini ya inchi 19, badilisha bila kujadiliana na mtu. Ni bei ya chakula cha mchana.

#10 Baruti_Kavu
Springi ikichoka si bolti ndiyo inarudi nyuma zaidi? Kitu kinachoizuia kimelegea. Na maganda yangeruka mbali. Ya kwake yanaanguka kwenye goti. Nadharia yako na dalili zake haziongei lugha moja.

#11 Springi_Kumi_na_Tisa
Maganda ni dalili mojawapo, si hukumu. Ganda linatupwa na kapini kenye springi ndani ya uso wa bolti. Hako nako kakichoka ganda linaanguka karibu hata kama bolti imerudi hadi mwisho. Umewahi kukafungua?

#12 Mama_Shabaha
Wanaume, kuna kipimo cha kutenganisha hayo mawili bila ugomvi. Mnyalu, weka risasi MBILI tu kwenye klipu, inakubali ukizipanga vizuri. Piga. Ikichukua ya pili, piga tena. Ya mwisho ikilia, bolti inatakiwa ibaki nyuma na klipu irushwe nje na ule mlio wake wa "ting".
Kama ya mwisho imelia na bolti ikafunga mbele, basi haikurudi vya kutosha, tafuta gesi au msuguano. Kama kila mara inabaki nyuma lakini katikati ya klipu inaruka risasi, basi safari ya bolti ni nzima na shida ipo kwenye kunyanyua. Hapo Springi atakuwa na haki.
Na kidole gumba kiangalie. Ukisukuma klipu hadi chini bolti inakuja yenyewe, haikusubiri. Usiizuie kwa gumba, zuia mkono wa fimbo kwa kiganja cha mkono huohuo. Nimeona kucha za watu weusi kwa weupe zikigeuka zambarau pale klabuni kwetu.

#13 Mjukuu_wa_KAR
Mama_Shabaha shikamoo. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki, alikwenda Burma mwaka 1944 na bunduki ya .303 ya kuvuta kwa mkono. Hakuna gesi, hakuna springi mbili kazi moja. Inapiga hadi kesho. Nyie mnateseka na bunduki ya mwaka 1941 kwa sababu ya uvivu wa kuvuta bolti.

#14 Fundi_Saa
Heshima kwa babu, ila Garand ilipitishwa rasmi mwaka 1936, si 1941. Na springi ni moja kazi mbili, soma #9.

#15 Kuruta_wa_Mafinga
Mmarekani aliwahi mapema kweli, wengine wote bado wanavuta kwa mkono. Huyo Garand alikuwa Mmarekani wa wapi?

#16 Maktaba_ya_Chuma
Alizaliwa Saint-Rémi, Quebec, Kanada, mwaka 1888, akahamia Marekani akiwa mtoto. Kazi yake kubwa aliifanya kwenye karakana ya serikali ya Springfield, Massachusetts. Na tuseme kwa usahihi: haikuwa bunduki ya kwanza ya nusu otomatiki jeshini. Mexico ilikuwa na Mondragón mwaka 1908, na Wafaransa waliingiza RSC 1917 kwenye mahandaki ya vita ya kwanza. Ya Garand ndiyo ya kwanza kuwa silaha ya kawaida ya askari wote wa miguu wa nchi kubwa.
Kwetu Afrika Mashariki imepita pembeni tu, lakini jirani wameishika: kikosi cha Kagnew cha Ethiopia kilipigana Korea na Garand kuanzia 1951.

#17 Mjukuu_wa_KAR
Asante mkuu, hilo la Kagnew sikulijua. Na wao zilikuwa zinagoma?

#18 Maktaba_ya_Chuma
Kila bunduki hugoma ukiinyima grisi. Ndiyo maana jeshi la Marekani lilitoa vikopo vidogo vya grisi na kuviweka kwenye kitako chake. Oili inasombwa na mvua, grisi inabaki.

#19 Unyevu_Houston
Hapo kwenye grisi na msuguano ndipo mimi nilipokwama miaka iliyopita, na dalili zilikuwa hizihizi za Mnyalu. Bunduki yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri majira ya baridi na kugoma kiangazi. Houston hewa ni maji. Mbao ya chini ilikuwa imevimba, fimbo inaisugua kwa ndani kila ikipita. Nilipoivua nikaona mstari mweusi unaong'aa kwenye mti, urefu kama wa kidole, kila kitu kingine kikavu na chenye vumbi. Nilipunguza mbao kwa msasa palepale penye mstari, kidogokidogo, na haijarudia.
Kipimo chake: hakikisha haina risasi, toa springi, rudisha fimbo na bolti bila springi, bunduki ikiwa imefungwa kwenye mbao zake zote. Inamisha mdomo juu, fimbo na bolti ziteleze zenyewe hadi nyuma. Inamisha mdomo chini, zirudi zenyewe mbele. Zikisita mahali, hapo ndipo penye ugonjwa. Kisha vua mbao urudie. Zikiteleza bila mbao na kusita zikiwa ndani ya mbao, jibu unalo.

#20 Mpiga_Nyundo
Akishaiona inasita aangalie fimbo, lazima imepinda. Aiweke kwenye jiliwa ainyooshe, kazi imekwisha.

#21 Fundi_Saa
USINYOOSHE. Mnyalu, tafadhali usimsikilize #20. Fimbo ya Garand imepindwa kiwandani makusudi ili ipite chini ya mtutu na kupanda pembeni. Ukiinyoosha umeiua.

#22 Maktaba_ya_Chuma
Na wakati umeishika, tazama kwa tochi ile pembe ya mraba karibu na mkono wa kuvutia. Fimbo za wakati wa vita zilikuwa na kona kali pale na baadhi zilipata ufa. Baadaye kona ikakatwa mviringo. Kama yako ina kona kali na unaona uzi mwembamba mweusi usiofutika, usiipige tena.

#23 Mpiga_Nyundo
Sawa wakuu, nimewaelewa. Mimi nimezoea matrekta.

#24 Baridi_Kali
Mimi niko Minnesota na nina swali moja kwa Mnyalu ambalo hakuna aliyeuliza. Mbele kabisa ya silinda ya gesi, chini ya mdomo wa mtutu, kuna skurubu kubwa inayoziba. Iko vipi? Zipo za aina tatu. Ya zamani imefungwa kabisa. Ya baadaye ina vali yenye springi katikati, ile ya kurushia bomu kwa kifaa cha M7: ukivaa kifaa kinaisukuma vali, gesi inatoka mbele, na bunduki inaacha kujilisha yenyewe kwa makusudi. Na kuna za kisasa za madukani zenye tundu la kurekebisha gesi kwa wanaotaka kupiga risasi za kuwindia bila kupinda fimbo.
Ukiwa na hiyo ya tatu na aliyekutangulia aliifungua sana, au ya pili na vali yake imechoka, utapata kila dalili uliyoandika hata kwa risasi nzuri na springi mpya.

#25 Baruti_Kavu
Nimeipenda hii. Inaeleza kwa nini za kiwandani zinagoma mara chache: shinikizo ni kubwa kidogo, linafidia kinachovuja.

#26 Springi_Kumi_na_Tisa
Springi iliyochoka nayo inaeleza hilohilo.

#27 Baruti_Kavu
Kivipi?

#28 Springi_Kumi_na_Tisa
Soma #9.

#29 Vumbi_Maskati
Samahani kuingilia, ila ndugu yangu yuko Texas na bunduki ndogo ya .22 ya nusu otomatiki inafanya vilevile: ganda linabanwa wima kwenye dirisha. Na yenyewe ni skurubu ya gesi?

#30 Mama_Shabaha
Hapana, .22 nyingi hazina gesi kabisa. Bolti inasukumwa na ganda lenyewe, kwa hiyo inategemea nguvu ya risasi. Mwambie asipige zile za mwendo wa chini ya sauti, ajaribu za kasi ya juu, na asugue chemba na ile kucha inayovuta ganda. Risasi za .22 zina nta na vichwa vya madini laini ya risasi, zinaacha uchafu wa kunata. Afungue uzi wake, huu umeshajaa.

#31 Mnyalu_Ohio
Wakuu, nimerudi kutoka uwanjani, na asanteni nyote. Majibu kwa mpangilio:
Pistoni 0.5255. Springi inchi 18 na robo tatu. Kipimo cha #19: inateleza bila shida mdomo ukiwa juu, mdomo ukiwa chini inasita kidogo sana karibu na mwisho, nikiisukuma kwa kidole inaenda. Skurubu ni ile yenye vali; nikiibonyeza vali kwa fimbo ya shaba inarudi, lakini kwa uvivu.
Kipimo cha risasi mbili cha Mama_Shabaha: mara nyingi bolti ilibaki nyuma na klipu ikatoka. Mara chache ilifunga mbele.

#32 Springi_Kumi_na_Tisa
18 na robo tatu! Na mara nyingi ilibaki nyuma! Sijui mnataka ushahidi gani tena.

#33 Baridi_Kali
Na mara chache ilifunga mbele, vali inarudi kwa uvivu. Hiyo mara chache ndiyo vali.

#34 Unyevu_Houston
Na inasita karibu na mwisho. Hamuioni hiyo? Vua mbao urudie, Mnyalu, hukusema ulivua.

#35 Fundi_Saa
Pistoni ya 0.5255 imekula nusu ya ruhusa yake. Peke yake si kitu. Ikikutana na vali inayovuja na risasi za kipimo cha chini, vidogo vitatu vinakuwa kimoja kikubwa. Huenda mnabishana juu ya nani mwenye haki wakati wote mna sehemu.

#36 Baruti_Kavu
Lakini risasi ndizo nyepesi kubadilisha. Anza na nyepesi.

#37 Mama_Shabaha
Badilisha kitu KIMOJA kwa safari moja. Springi kwanza kwa sababu imeshashindwa kipimo, halafu rudi uwanjani na risasi zilezile za jamaa wa klabu.

#38 Mnyalu_Ohio
Springi mpya na skurubu iliyozibwa kabisa vilifika kwenye kifurushi kimoja, nimevifunga vyote viwili. Leo imepiga klipu baada ya klipu, kwa risasi za jamaa, maganda yanaruka mbele kulia hatua kadhaa. Nilifurahi sana. Ila imegoma mara mbili, na mara zote mbili ni risasi ya saba, imejibana kwa kuinua pua juu.

#39 Mama_Shabaha
Mwanangu, nilisema kimoja.

#40 Baridi_Kali
Skurubu imefanya kazi.

#41 Springi_Kumi_na_Tisa
Springi imefanya kazi.

#42 Maktaba_ya_Chuma
Hii ya saba sasa ni ugonjwa mwingine, na una historia. Kabla Marekani haijaingia vitani Garand zilizotoka kiwandani zilikuwa zinakwama kwenye risasi ya saba, na watu walilaumu kila kitu hadi ilipogundulika kwamba ubavu mdogo wa kuongoza risasi ndani ya mwili wa bunduki ulikuwa unakatwa mfupi kuliko mchoro. Ya kwako ingekuwa na kasoro hiyo ingekuwa imeshagunduliwa zamani, kwa hiyo mimi ningetazama klipu. Zilizolegea midomo zinaachia risasi mbili za mwisho mapema. Weka alama ya rangi kwenye kila klipu uone kama ni ileile inayogoma.

#43 Kuruta_wa_Mafinga
Au anapanga klipu vibaya. Risasi ya juu inakaa kulia au kushoto?

#44 Fundi_Saa
Bunduki inakubali zote mbili. Ya juu ikiwa kulia inaingia kirahisi zaidi, ndiyo tofauti.

#45 Springi_Kumi_na_Tisa
Au ile sahani ya kunyanyulia imelika pembe. Aitoe aipige picha kwa pembeni.

#46 Baruti_Kavu
Au risasi za jamaa si za urefu mmoja. Pima tano kutoka boksi moja na kalipa, Mnyalu, ulete urefu wake hapa.

#47 Mnyalu_Ohio
Jumamosi nitakuwa na klipu zenye alama, kalipa, na ile skurubu ya zamani mfukoni. Springi mpya inabaki. Nikirudisha vali ikagoma, Baridi anashinda, isipogoma, Springi.

#48 Baridi_Kali
Nakubali. Ila pasha vali joto kwanza kwa klipu moja, ikiwa baridi inadanganya.

#49 Unyevu_Houston
Na uvue mbao.